Mawazo hayalishi saratani: jibu kwa mvuvi wa Ukerewe aliye katikati ya kemo

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mvuvi wa dagaa, mkazi wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, nina miaka 41. Niligundulika na limfoma, nikaanzishiwa kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, hospitali ya Bugando, Mwanza. Napewa dripu siku moja, kisha vidonge vya prednisoloni siku tano, halafu narudi nyumbani hadi siku ya 21. Nimemaliza mzunguko wa tatu kati ya sita. Hospitalini wananihudumia vizuri, ila nikishuka kwenye meli Nansio najiona niko peke yangu. Usiku silali, moyo unakwenda mbio, asubuhi nawafokea watoto. Ncha za vidole zina ganzi. Shemeji yangu anasema mawazo ndiyo yanayolisha kansa, niache kuwaza, lakini nikijilazimisha kutowaza ndiyo nawaza zaidi. Wengine wanasema nimerogwa. Je, ni kweli woga wangu unaukuza ugonjwa? Na katika siku hizo 21, mimi mwenyewe nifanye nini?

JIBU: Marahaba, kaka. Nianze na la woga, maana hilo lisipowekwa sawa mengine hutayasikia.

Woga wako haulishi saratani. Limfoma ni seli za kinga ya mwili ambazo maelekezo yake ya ndani yameharibika, zikawa zinagawanyika bila kikomo. Hazina habari kwamba jana usiku ulikosa usingizi. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na mwanasaikolojia James Coyne wa Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani za kichwa na shingo. Walitaka kujua kama wale walioanza tiba wakiwa na moyo mkunjufu waliishi muda mrefu kuliko wale walioanza wakiwa wamevunjika moyo. Hawakuona tofauti hiyo. Mimi nafanya kazi na wagonjwa wa saratani hapa Mwanza, na naweza kukuambia kwamba wengi wanakuja na mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na hatia ya kuuogopa. Huo wa pili wamebebeshwa na watu wanaowapenda. Shemeji yako hana nia mbaya, ila amekupa kazi ambayo hakuna binadamu anayeiweza.

Hilo halina maana kwamba hali ya moyo wako haijalishi. Inajalisha kwa njia nyingine. Mtu aliyekata tamaa anaruka kliniki, anaacha kula, anaficha homa, anaanza kunywa gongo ili alale. Huko ndiko madhara yanakopitia, na huko ndiko tunakoweza kufanya kitu.

Sasa tuje kwenye usiku wako. Nilipousoma ujumbe wako niliona mambo mawili ambayo nadhani hakuna aliyekueleza. Kwanza, mpango wako wa tiba kwa maelezo uliyotoa unafanana na ule uitwao CHOP: siklofosfamidi, doksorubisini na vinkristini kwa dripu, pamoja na prednisoloni ya vidonge. Prednisoloni kwa dozi kubwa ya namna hiyo inamkosesha mtu usingizi, inamfanya ahangaike, moyo unamdunda, hasira zinakuwa karibu. Ukiisha muda wa vidonge, siku mbili tatu zinazofuata mwili unaanguka, huzuni inakuja bila sababu unayoweza kuitaja. Wagonjwa wanadhani wameanza kurukwa na akili. Ni dawa. Kwa hiyo anza kwa kuangalia unavimeza saa ngapi. Kama unagawa, vingine asubuhi na vingine jioni, muulize daktari wako kama unaweza kuvimeza vyote saa mbili asubuhi baada ya kula. Kwa wengi hilo peke yake linarudisha sehemu ya usingizi. Usiviache kwa uamuzi wako, kwa sababu ni sehemu ya tiba yenyewe. Havikuwekwa ili kukupa hamu ya kula tu.

Pili, wewe ni mvuvi wa dagaa. Kwa miaka mingi umekesha ziwani na taa, ukalala mchana. Saa ya mwili wako imejifunza hivyo. Leo unaugua, mke wako anakutandikia saa mbili usiku, nyumba inanyamaza, na wewe unabaki umetazama dari hadi alfajiri. Akili iliyozoea kukesha ikikosa kazi itajitafutia, na kazi iliyo karibu ni kuhesabu siku ulizobakiza. Usilale mapema. Kaa na watu hadi usingizi uje wenyewe, hata kama ni saa sita usiku. Ukishapanda kitandani na nusu saa ikapita bila usingizi, ondoka kitandani, kaa sebuleni kwenye mwanga hafifu, urudi ukisinzia. Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala kidogo, na utoke nje kwenye jua la asubuhi. Mchana ukizidiwa jilaze, ila isizidi dakika 30 au 40 na iwe kabla ya saa tisa. Wiki ya kwanza utaniona mbaya. Baada ya hapo mwili huanza kufuata.

Kuhusu mawazo yanayokuja usiku, sikuambii uyafukuze. Yape miadi. Kila siku saa kumi jioni, kaa na daftari nusu saa, na mkeo akiwepo ni bora zaidi, uandike yote yanayokusumbua. Kisha pitia moja moja: hili naweza kulifanyia kitu wiki hii, hili siwezi. Yale unayoweza, chagua moja tu na uandike hatua ya kwanza na siku ya kuifanya. Usiku wazo likija, linajibiwa: limeandikwa, tutaonana saa kumi. Njia hii ya kuvunja tatizo vipande imefanyiwa kazi kubwa Zimbabwe, ambako daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani Harare wakae kwenye mabenchi nje ya zahanati, wasikilize watu na kuwasaidia kupanga hatua moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba miezi sita baadaye waliozungumza na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wazima wenye subira na utaratibu. Kisiwani kwenu watu wa namna hiyo wapo.

Kuhusu siku zako 21, nitatumia lugha ya kazi yako. Wewe unajua kwamba mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa, unavuta mtumbwi pwani unapumzika, na giza likirudi unaingia majini. Hakuna mvuvi anayejiona mvivu wakati wa mbalamwezi. Mzunguko wa kemo nao una vipindi vyake, na mtu anayevijua hashtuki kila kukicha.

Siku ya kwanza na ya pili mkojo unaweza kuwa mwekundu. Ni rangi ya doksorubisini. Kunywa maji mengi siku hizo na usibane mkojo, kwa sababu siklofosfamidi inaweza kuunguza kibofu. Rangi hiyo ikirudi siku za baadaye, hasa ikiwa na maumivu, hiyo sasa ni damu, na hospitali wanatakiwa kujua. Dawa ya kuzuia kutapika imeze kwa saa ulizoandikiwa, usisubiri kichefuchefu kianze. Kikishapanda kukishusha ni kazi.

Kipindi ambacho nataka ukijue kwa moyo ni kuanzia siku ya 7 hadi ya 14, ukihesabu tangu siku ya dripu. Hapo chembe nyeupe za damu zinakuwa chini kabisa. Nje unaonekana mzima, pengine umeanza kula vizuri, kumbe ulinzi umelala. Nunua kipimajoto duka la dawa, kikae nyumbani. Joto likifika nyuzi 38, au ukitetemeka kwa baridi, usimeze panadol ukalala kusubiri kuche. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na hapa kuna mtego wa kanda yetu. Ziwani kila homa ni malaria. Unafika zahanati, unachomwa kidole, kipimo kinasema una malaria, unapewa dawa mseto unarudishwa nyumbani. Kwa mtu mwingine hilo ni sawa. Kwa aliye kwenye kemo halitoshi, kwa sababu anaweza kuwa na malaria na wakati huo huo bakteria wameingia kwenye damu, na hao wanaweza kuua kwa saa chache. Andika kwenye karatasi, iwe kwenye mfuko wa shati siku zote: “Natibiwa limfoma kwa kemo. Dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani. Nikiwa na homa nahitaji kupimwa hesabu kamili ya chembe za damu na kuanzishiwa antibayotiki ya sindano haraka.” Ongeza namba ya simu ya kliniki yenu. Usisubiri meli ya Mwanza. Anza na hospitali ya wilaya pale Nansio, upate dawa ya kwanza, mambo ya kuvuka maji yafuate. Kubaliana leo na mtu mwenye pikipiki kwamba akipigiwa saa nane usiku atakuja. Nakuhakikishia kwamba sehemu kubwa ya woga wa usiku ni swali hili moja, “nikizidiwa huku nitafanyaje,” na karatasi pamoja na bodaboda vinalijibu kuliko maneno yangu yote ya faraja.

Kuanzia siku ya 15 mwili unarudi. Hizo ndizo siku zako za kufanya mambo: mikutano, safari fupi, kutembelea wazazi. Watu wengi wanazimaliza kitandani wakiogopa dripu ijayo, na hilo linanisikitisha kuliko kutapika kwao.

Ganzi ya vidole inatokana na vinkristini, inayogusa mishipa ya fahamu. Dawa hiyo hiyo huleta choo kigumu, wakati mwingine kigumu sana, na wanaume wanaona aibu kulisema hadi tumbo livimbe. Yaseme yote mawili kila kliniki, maana daktari anaweza kupunguza dozi au kuisimamisha, na ganzi inayonyamaziwa inaweza kubaki miaka. Hebu jaribu kufunga vifungo vya shati: ukiona huwezi kama mwezi uliopita, mwambie hivyo hivyo. Kwa sasa acha kushona nyavu na kushika ndoano, utajikata usijue, tena katika siku ambazo jeraha dogo si dogo.

Chakula sina mengi. Ugali, sato, dagaa, maharage, mayai, uji, vyote vilivyopikwa vikaiva, maji yaliyochemshwa. Sukari kwenye chai haikuzi saratani. Kula kidogo kidogo mara nyingi.

La kurogwa ni zito zaidi, na silidharau, kwa sababu mtu akipata ugonjwa wa namna hii swali la “kwa nini mimi” halijibiwi na darubini. Kama kuna mzee wa ukoo ambaye maneno yake yanakutuliza, kaa naye. Kama ni kanisani au msikitini, nenda. Mipaka yangu ni miwili. Usichanjwe chale, kwa sababu wembe kwenye ngozi wakati chembe nyeupe ziko chini ni mlango wa bakteria. Na usinywe dawa ya mitishamba katika miezi hii, hata iliyomponya jirani. Vinkristini na doksorubisini husafishwa na ini. Ini likiharibiwa na mzizi tusioujua, dawa zitajaa mwilini kama sumu, au daktari atalazimika kuzisimamisha. Kama umeshakunywa, usiogope kugombezwa, sema. Limfoma ni miongoni mwa saratani zinazoitikia kemo vizuri, na wapo wengi wanaopona kabisa. Kuikatiza katikati ndiko kunakoipa nafasi.

Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Juliet Corbin na Anselm Strauss, walieleza kwamba mtu mwenye maradhi ya muda mrefu ana kazi tatu: kazi ya ugonjwa, kazi ya maisha ya kila siku, na kazi ya kuisimulia upya hadithi ya maisha yake. Hospitali tunaisimamia ile ya kwanza. Hizo mbili tunakuachia wewe, mara nyingi bila hata kukuambia kwamba zipo. Nadhani ya tatu ndiyo inayokuuma. Ulikuwa mtu wa kwenda ziwani na kurudi na riziki, leo unahesabiwa vidonge kama mtoto. Jibu lake silijui kwa niaba yako, ila najua halipatikani ukiwa umejifungia ndani. Ziwani usiku hapana, baridi na kazi ile hutaiweza kwa sasa. Lakini dagaa wakishuka nani anahesabu makarai? Nani anasimamia uanikaji, nani anaandika madeni ya wachuuzi, nani anazungumza na tajiri wa mtumbwi? Omba kazi moja kati ya hizo, hata ya saa mbili, na upewe mgao mdogo unaolingana nayo. Kutembea hadi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na kurudi nako ni tiba: uchovu wa kemo haupungui kwa kulala, unapungua kwa mazoezi mepesi, na hilo tafiti nyingi zinakubaliana. Anza na dakika 10, ongeza taratibu. Watu watakutazama kichwa kisicho na nywele. Vaa kofia au usivae, baada ya wiki watazoea.

Fedha nazo ni sehemu ya afya ya akili, sijui kwa nini tunajifanya si hivyo. Ukifika hospitali nenda ofisi ya ustawi wa jamii kabla deni halijakua, ueleze kipato chako kilivyo sasa. Kusubiri hadi ushindwe kulipa ndipo uende ni kujitesa mara mbili.

Watoto waambie ukweli unaolingana na umri wao. Waambie jina la ugonjwa, kwamba hauambukizi, kwamba wanaweza kula na wewe sahani moja, kwamba hawakuusababisha, na kwamba kuna vidonge vinavyomfanya baba awe mkali kwa siku tano. Mtoto wa miaka minane anaelewa hilo vizuri kuliko shemeji. Mkeo naye mueleze kwamba hamu ikipungua ni dawa, si yeye; na mkikutana tumieni kondomu, kwa kuwa dawa hukaa kwenye majimaji ya mwili kwa siku kadhaa na huu si wakati wa kupata mimba.

Kuna kiwango ambacho daftari, matembezi na mke mwema havitoshi, nami nataka ukijue. Uchovu, kukosa hamu ya kula na usingizi mbovu vyote vinaweza kuletwa na kemo, kwa hiyo hivyo visikupime. Jipime kwa haya: kwa wiki mbili mfululizo, karibu siku nzima kila siku, hakuna kinachokufurahisha, hata mtoto wako mdogo akicheka, unajiona huna thamani, mzigo kwa ndugu, unawaza kwamba ingekuwa afadhali usiwepo. Hiyo ni sonona. Ni ugonjwa kamili wenye tiba, na huwapata wagonjwa wa saratani mara nyingi kuliko watu wengine. Mwambie daktari wa kemo akuandikie kwa wataalamu wa afya ya akili, pale pale hospitalini. Ukifikia kuwaza jinsi ya kujiua, usisubiri kliniki wala usikae peke yako hata usiku mmoja: mwambie mkeo kwa maneno ya wazi, mfike hospitali iliyo karibu. Dawa za sonona usijinunulie dukani, kwa kuwa baadhi yake huzidisha ule ugumu wa choo unaoletwa na vinkristini, na daktari anaweza kuchagua nyingine. Uliza pia kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa. Watu wanaisikia wakidhani ni chumba cha kusubiria kufa. Mwaka 2010 daktari Jennifer Temel na wenzake Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa waliopewa tiba shufaa mapema, sambamba na tiba ya kawaida, walikuwa na sonona kidogo zaidi na hata waliishi muda mrefu zaidi.

La mwisho ni safari ya mzunguko wa nne. Kabla ya dripu watakupima damu. Chembe nyeupe zikiwa bado chini watakwambia urudi baada ya wiki, na hapo ndipo wengi wanavunjika moyo wakidhani tiba imeshindwa au wanafukuzwa kwa ujanja. Sivyo. Ni mwili umeomba siku chache za ziada, na hutokea mara nyingi. Kwa hiyo funga nguo na nauli ya kutosha kwa lolote kati ya hayo mawili, na umweleze mkeo kabla hujapanda meli, ili ukipiga simu kusema umeahirishiwa asianze kulia.